Nani Alihesabu Majeneza? Historia ya Kuandika Maradhi na Vifo, Kutoka Cairo Hadi Kamwokya



Ndugu wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi wetu, leo tunarudi kwenye mlango wa historia. Somo lenyewe huenda likaonekana si la madrasa bali la wizara ya afya: namna watu wa mjini wanavyohesabiwa wanapougua na wanapokufa kwa maradhi ya kuambukiza. Lakini mwenye kusoma vitabu vya wanachuoni wetu atakuta kwamba somo hili lilikuwa letu zamani sana. Na mwenye kuishi Kamwokya kwa mwaka mmoja tu ataona kwamba bado linatuhusu.

Kwa wasioijua Kampala, Kamwokya iko bondeni, chini ya kilima cha Kololo chenye majumba ya mabalozi, na si mbali na hospitali kuu ya Mulago. Barabara ya Kira inapita hapo, na Jumba la Makumbusho la Uganda liko kando yake. Ukiiacha barabara ukashuka chini, kwenye parishi ya Kamwokya II, unaingia katika vyumba vya kupanga ambavyo hapa kwetu huitwa mizigo (ni neno la Kiganda, lakini msemaji wa Kiswahili akilisikia hucheka, na kwa kweli hakosei sana). Chumba kimoja ni familia nzima, choo ni cha nyumba kumi, na mtaro ukijaa maji wakati wa mvua hauulizi mlango wa nani.

Sasa zingatia jambo moja. Mtu akifa Kamwokya, mara nyingi hazikwi Kamwokya. Muganda hupelekwa kwenye makaburi ya ukoo wake kijijini. Aliyetoka Iganga hurudishwa Iganga, wa Arua hurudishwa Arua. Sisi Waislamu tunaharakisha maziko kama tulivyofundishwa, na maiti wa alfajiri huwa kaburini kabla ya Alasiri. Gari hukodiwa, swala ya jeneza huswaliwa, watu huondoka. Ofisa wa afya akija baada ya wiki kuuliza nani alikufa katika nyumba hii na kwa ugonjwa gani, chumba kimeshapata mpangaji mwingine. Kijijini nako alikozikwa, hakuna anayeandika kwamba maradhi aliyapata Kampala. Amekufa mtu mzima mwenye jina na watoto, na hesabu ya mji haikumwona.

Hili ndilo ninalotaka tuliangalie leo. Kuhesabu maradhi si kazi inayoanzia ofisini. Huanzia mlangoni mwa nyumba na penye jeneza, na pasipokuwa na mtu wa kuandika pale, ofisi huwa inaandika kitu kingine.

CAIRO: DIWANI YA MIRATHI NA VIWANJA VYA SWALA

Wengi tunaijua habari ya tauni ya Amwas huko Sham, mwaka wa 18 Hijria (639), namna Sayyidna Umar (RA) alivyofika Sargh, akapata habari ya ugonjwa, akashauriana na Muhajirina, na Ansari, na wazee wa Kiquraishi, kisha akarudi na watu wake Madina. Abu Ubayda na Muadh bin Jabal (RA) walifariki katika tauni ile. Wanahistoria hutaja waliokufa kuwa kama 25,000. Habari hii husimuliwa sana misikitini, kwa hiyo siirefushi. Ninayotaka kuirefusha ni ile ya Cairo, ambayo husimuliwa kidogo.

Tauni kubwa ilifika Cairo mwaka 749 Hijria (1348), kisha ikawa inarudi na kuondoka kwa karne nyingi. Dola ya Mamluki ilikuwa na ofisi moja ambayo kazi yake haikuwa afya hata kidogo. Ilikuwa ni diwani ya mirathi. Mtu akifa hana warithi, au warithi wake hawakumaliza mali yote kwa mafungu yao, kilichobaki kiliingia katika hazina. Kwa hiyo diwani ilitaka kujua kila siku nani amekufa. Karani aliandika majina kwa sababu ya fedha, na bila ya kukusudia akawa anaandika historia ya ugonjwa.

Wanahistoria wa zama zile, kama al-Maqrizi aliyefariki mwaka 845 Hijria (1442) na mwanafunzi wake Ibn Taghribirdi, walizitumia hesabu za diwani, lakini hawakuziamini peke yake. Walijua kwamba masikini asiye na cha kurithiwa hapiti ofisini. Basi watu wakawa wanakwenda kwenye viwanja vya kuswalia maiti, vilivyokuwa karibu na milango ya mji, wakihesabu majeneza moja baada ya jingine. Katika tauni ya mwaka 833 Hijria (1430), hesabu ya viwanja vya swala ilikuwa kubwa kuliko hesabu ya diwani. Tunayo hapa tofauti ya namba mbili za mji mmoja na siku moja: ya wale ambao dola iliwahitaji, na ya wale waliobebwa mabegani na jirani zao.

Katika tauni hiyo alikuwepo Imam Ibn Hajar al-Asqalani, yule yule mwenye Fat-hul Bari. Mabinti zake watatu walikufa kwa tauni katika miaka tofauti, mmoja wao akiwa mjamzito katika mwaka huo wa 833. Aliandika kitabu kizima juu ya tauni, Badhl al-Maun. Ndani yake anaeleza kwamba ugonjwa ulipoanza Cairo waliokufa kwa siku walikuwa chini ya 40. Watu wakatangaziwa kufunga siku tatu, wakatoka jangwani wakakusanyika kuomba dua, wakarudi. Mwezi haukuisha mpaka waliokufa wakapindukia 1,000 kwa siku. Imam aliiingiza hesabu hiyo katika hoja zake dhidi ya mikusanyiko ya namna ile, ambayo watangu wema hawakuifanya. Wanafunzi wa fiqhi walitazame hili vizuri. Huyu si daktari. Ni bingwa wa hadithi aliyefiwa na wanawe, na hakuona taabu kuweka namba za maiti katika kitabu cha dini.

Huko London karne ya 17 makarani wa makanisa nao walikuwa wakitoa orodha za vifo kila wiki, na mwaka 1662 John Graunt, mfanyabiashara wa nguo, akazitumia kuandika kitabu ambacho wataalamu wa takwimu hukihesabu kuwa msingi wa elimu yao. Orodha zile zilikuwa na kasoro ile ile: zilitoka kwa kanisa la dola, na waliozikwa nje ya kanisa hilo walikosekana.

MALALE, KISHA UKIMWI

Hapa Buganda, hesabu kubwa ya kwanza ya maradhi katika zama za ukoloni ilikuwa ya malale. Mwaka 1901 madaktari wawili ndugu wa hospitali ya Mengo, Albert na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa mwanzo. Kufikia mwaka 1906 ilikisiwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikuwa wamekufa kandokando ya ziwa na visiwani. Namba hiyo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwa machifu, chini ya Katikkiro Apolo Kagwa, waliotakiwa kuleta taarifa za vijiji vyao. Ni makisio, lakini bila ya mtu wa kijijini aliyejua nyumba ipi imebaki tupu, yasingekuwepo hata makisio. Kwa hesabu hizo Gavana Hesketh Bell akawahamisha watu pwani ya ziwa.

Ukimwi tunaujua kwa majina ya watu wetu. Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikua tukihudhuria maziko kama watoto wengine wanavyohudhuria harusi. Ugonjwa ulitambuliwa kwanza mwaka 1982 huko Kasensero, kituo cha wavuvi na magendo wilayani Rakai, na watu wakasema ni uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa. Wakauita siliimu kwa sababu mtu alikonda. Mwaka 1985 madaktari, miongoni mwao David Serwadda, wakaandika habari zake katika jarida la Lancet, na mwaka 1986 Waziri wa Afya Ruhakana Rugunda akasimama Geneva mbele ya mkutano wa afya wa dunia akasema wazi kwamba Uganda ina Ukimwi, wakati nchi nyingi zilikuwa zinaficha.

Lakini kusema kwamba upo ni jambo moja, na kujua ni kiasi gani ni jambo jingine. Mgonjwa alifia nyumbani, na familia ikasema ni malaria, au ni kifua, au amerogwa. Hapo ndipo ikatumika njia ya kuchukua damu ambayo wajawazito wameshaitoa kliniki kwa vipimo vya kawaida, ikapimwa bila ya majina. Hospitali ya Nsambya, hapa Kampala, mwaka 1985 ilikuta kama wanawake 11 katika kila 100 wana virusi. Mwaka 1992 wakawa karibu 30 katika kila 100. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 ikashuka kwenye kama 10.

Ndugu msomaji, usipite hapo haraka. Watu wengi husoma kushuka kule kuwa ni ushindi mtupu. Ushindi ulikuwepo, kwani vijana walibadilika, na hilo limethibiti. Ila namba ya wanaoishi na ugonjwa hushuka kwa njia mbili: wasipoambukizwa wapya, na wanapokufa wa zamani. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa bado hazijawafikia watu wa kawaida. Asiyehesabu makaburi hawezi kujua ni kiasi gani cha kushuka kule ni tabia njema, na ni kiasi gani ni mama zetu na baba zetu. Ndiyo maana watafiti walioanza kazi Kyamulibwa, wilaya ya Masaka, mwaka 1989, walikuwa wakizunguka kila mwaka nyumba kwa nyumba, wakiandika nani yupo, nani amehama, nani amekufa, na wakiketi na wafiwa kuwauliza dalili za marehemu. Miaka michache baadaye walionyesha kwamba karibu nusu ya vifo vya watu wazima katika vijiji vile vilitokana na virusi hivyo. Hakuna hospitali iliyokuwa na namba hiyo, kwa sababu wengi wa marehemu hao hawakufia hospitali.

Kamwokya nako kazi ilianza mlangoni. Mwaka 1987 majirani Wakristo walianza kuwatembelea wagonjwa vyumbani mwao, na humo ikazaliwa jumuiya ya Kamwokya Christian Caring Community. Mwenye haki apewe haki yake: walijua nani anaumwa nyumba gani kabla ya mtu yeyote wa serikali. Upande wetu, Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu Uganda, iliyoundwa mwaka 1988, ilianza mwaka 1992 kuwafundisha maimamu na wasaidizi wao kwenda nyumba kwa nyumba katika familia za Waislamu, na Dkt. Magid Kagimu na wenzake wakapima maarifa ya watu kabla ya kazi na baada yake. Baadaye mafunzo yakaingia katika madrasa. Mwaka 1998 shirika la UNAIDS liliuchapisha mradi huo kama mfano kwa nchi nyingine. Si kila mzee wa msikiti aliupenda, na mjadala juu ya kondomu ulikuwa mkali, lakini hiyo ni makala nyingine.

MGONJWA WA KUSHUKIWA NA MGONJWA ALIYETHIBITISHWA

Wanafunzi huuliza: kwa nini redio inasema wagonjwa elfu, na gazeti linasema hamsini? Jibu tutalipata katika maradhi mawili ya maji.

Mvua za El Niño zilileta kipindupindu Kampala mwishoni mwa mwaka 1997. Katika miezi michache ya mwanzo waliandikwa mjini zaidi ya wagonjwa 6,000, wengi wao wakiishi mabondeni, na katika nchi nzima mwaka 1998 wagonjwa walikaribia 50,000 na vifo vikawa kama 2,000. Wengi hao hawakupimwa kinyesi. Ugonjwa ukishathibitishwa katika mji, kila mwenye kuharisha maji matupu kwa ghafla huandikwa kwamba ni wake, kwa sababu ukisubiri maabara mtu atakufa. Namba hiyo huchukua na asiyekuwemo, na humwacha aliyefia chooni usiku.

Ama homa ya matumbo ya mwaka 2015, hiyo ilianzia katikati ya mji. Tarehe 6 Februari viongozi wa jiji waliiarifu Wizara ya Afya juu ya ugonjwa wa ajabu uliokuwa umemuua mtu mmoja na kuwalaza makumi. Kufikia Juni walihesabiwa wagonjwa wa kushuka, yaani wa kushukiwa, 10,230. Waliothibitishwa na maabara walikuwa 51 tu. Je, namba moja ni ya uongo? Hapana. Ya kwanza inahesabu waliokuwa na homa na dalili zilizopangwa, ya pili inahesabu ambao damu yao ilifika maabara na kuotesha kijidudu, tena wengi walikuwa wameshakunywa dawa za dukani. Wachunguzi walichora orodha hiyo kwa umri, kazi na mahali, wakaona wengi ni vijana wa kiume wenye kufanya kazi, wakauliza wanakunywa nini, wakafika kwenye maji machafu na juisi za kuuzwa barabarani. Orodha isiyokamilika iliwafikisha kwenye kikombe. Divisheni iliyoguswa zaidi ilikuwa ya Kati, na Kamwokya imo ndani yake.

TUNAPOFICHA

Sasa tuje kwenye jambo zito, nalo ni la kwetu. Ebola ya Sudan ilitangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022, ikafika Kampala, na ikaisha Januari 2023. Waliothibitishwa walikuwa 142, na katika hao walikufa 55. Wako wengine 22 walioandikwa kuwa huenda walikufa kwayo, kwa sababu walizikwa kabla ugonjwa haujatambuliwa. Huko Kassanda, maiti aliyezikwa na kikosi cha afya alifukuliwa usiku na watu waliotaka kumwosha na kumzika kwa taratibu za Kiislamu. Walioshiriki waliambukizwa, wakawaambukiza wengine, na wamo waliokufa.

Nayaandika haya kwa uchungu na si kwa kuwacheka wafiwa. Mtu anayeona mzazi wake anafukiwa ndani ya mfuko wa plastiki bila ya sanda wala takbira huumia, na wakati mwingine vikosi vile vilifanya kazi bila ya kuzungumza na mtu. Lakini njia ilikuwepo. Tangu mwaka 2014, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maziko uliopangwa pamoja na mashirika ya dini, ya Kiislamu yakiwemo: maiti asiyeweza kuoshwa hutayamamiwa, huwekewa sanda, huswaliwa. Wanafunzi wetu wanaijua tayamamu tangu darasa la mwanzo.

Mwaka 2025 ikarudi, safari hii Kampala yenyewe, baada ya muuguzi wa Mulago kufariki mwishoni mwa Januari. Ilipotangazwa kwisha tarehe 26 Aprili, wagonjwa walikuwa 14: 12 waliothibitishwa na wawili wasiothibitishwa. Hao wawili walikuwa mama na mtoto wake mchanga. Walizikwa bila ya kupimwa. Hawakujulikana mpaka mtoto mwingine wa mama huyo, wa miaka minne, alipofariki hospitalini na kupimwa, ndipo wachunguzi wakarudi nyuma kuuliza nani mwingine alikufa katika nyumba ile. Swali hilo liliweza kujibiwa kwa sababu walibaki ndugu wa kulijibu. Na korona? Uganda iliandika vifo kama 3,600 kwa jumla. Kila msikiti wa Kampala unakumbuka majeneza ya Juni na Julai 2021, na wasomaji wetu wanaweza kulinganisha wenyewe.

Sheria ya Kusajili Watu ya mwaka 2015 inataka kila kifo kiandikishwe kwa mamlaka ya NIRA. Wenye kwenda kuandikisha ni zaidi wale wanaohitaji cheti kwa ajili ya benki, kiwanja au mirathi. Yaani tumerudi kwenye diwani ya Cairo: aliyeacha mali ana karatasi, na kibarua wa muzigo hana.

Nimewahi kulizungumza hili na wazee wa msikiti, na jibu la kwanza huwa ni kwamba kuandika maiti ni kazi ya mwenyekiti wa LC. Ni kweli, barua huanza kwake. Lakini mwenyekiti huona walioijia barua. Imamu huona jeneza. Daftari la shilingi elfu chache linatosha kwa mwaka mzima: tarehe, jina, umri, mwanamume au mwanamke, zoni aliyokuwa akiishi, siku alizougua, dalili kama walivyosema wenye kumuuguza, na mahali anapopelekwa kuzikwa. Siri ya mgonjwa ilindwe, daftari lisisomwe kwenye kipaza sauti, na neno Ukimwi au Ebola lisiandikwe na mtu asiye daktari. Aandike homa, kuharisha, kutoka damu, basi. Katika wiki ya kawaida litakuwa na mistari miwili. Wiki ambayo mistari inakuwa saba, na mitano kati yake ni ya zoni moja, mtu achukue simu ampigie mhudumu wa afya wa kijiji siku hiyo hiyo, kabla magari hayajaondoka kuelekea Masaka.